Kobe wa Kwenye Kompyuta

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Kaka yangu amerudi kutoka Marekani na kuniletea kompyuta ya zamani ya Windows 98 pamoja na skrini yake nene ya kioo. Wanangu wa miaka mitano na saba wanaililia kila siku. Je, ina faida kwao, au niwatafutie tableti? Mama wa Watoto Wawili, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Faida ipo kubwa, lakini usiiwashe kwanza. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120, na wa kwetu 230, hivyo tazama nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, kama kuna swichi ndogo nyekundu. Ikiwa imewekwa 115, isogeze hadi 230, la sivyo itaungua papo hapo. Skrini nayo isomewe kibandiko chake, uone kama inakubali volti 230. Asiifungue yeyote isipokuwa fundi wa televisheni, kwani skrini za aina hiyo hubakiza umeme mkali ndani hata baada ya kuchomolewa. Usiiunganishe na intaneti, kwa kuwa Windows 98 haipati marekebisho ya usalama tangu 2006.

Kisha mwombe fundi akuwekee MSWLogo, programu ya bure ya Logo, lugha ya kuiamrisha kompyuta, ambayo mwanahisabati Seymour Papert na wenzake waliibuni Marekani mwaka 1967 kwa ajili ya watoto. Ndani yake mna kobe, ambaye kwenye skrini ni pembetatu ndogo tu, anayechora mstari kila anapokwenda: ukiandika fd 100 anakwenda mbele hatua mia, na ukiandika rt 90 anageuka kulia robo ya mzunguko. Ninaloipendea zaidi Logo ni kwamba inakubali kufundishwa maneno mapya. Andika mstari wa kwanza to mbele :n, wa pili fd :n, wa tatu end. Tangu hapo kobe ataitika ukimwandikia mbele 100. Mfundishe na neno kulia kwa njia hiyo hiyo, ukiweka rt badala ya fd, kisha uhifadhi kazi yako.

Kabla ya kugusa kibodi, wacheze uani. Mdogo awe kobe, mkubwa atoe amri: mbele hatua tatu, geuka kulia, mara nne, mpaka mdogo arudi pale alipoanzia na mraba uwe umechoreka mchangani. Mkubwa akisahau kusema "geuka kulia", mdogo atakwenda moja kwa moja mpaka ukutani, na mwenye kutoa amri atajionea mwenyewe kwamba kosa limo katika maneno yake. Michezo mingi ya tableti haimpi mtoto nafasi hiyo, kwani yeye hubonyeza tu kilichokwisha tengenezwa na wengine.

Nusu saa kwa siku yatosha, nawe ukae nao. Wakimaliza, iache ipoe, uifunike kwa kitambaa, na isikae dirishani panapoingia upepo wa bahari, maana chumvi hula vyuma.