Kodi ya miezi sita imenitumbukiza kwenye mikopo ya simu

*Shangazi, shikamoo. Naishi Tabata, nina mume na watoto wawili. Mshahara wangu mkononi ni 680,000. Mume anaendesha bajaji ya hesabu. Akishampa tajiri chake na kutoa mafuta, hurudi na 8,000 hadi 15,000, siku sita kwa wiki. Mwisho wa Agosti tulilipa kodi ya miezi sita, 900,000, ikabidi nikope kwenye simu. Sasa nina mikopo mitatu. Kila mmoja nachukua 50,000 narudisha 60,000 baada ya siku 14. Kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, nadaiwa 90,000. Nalipa huku, nakopa kule, tarehe 12 sina kitu. Mume anasema nakula hela. Wenzangu kazini wananiita kwenye mchezo wa kuchangishana na kupokezana hela, niingie? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Mwite mumeo msome pamoja, maana huli hela. Kinachowamaliza ni kodi, na kodi ile haikuwa dharura. Tarehe yake mliijua tangu mlipolipa ya nyuma, ila miezi ikapita bila shilingi kutengwa, ikawakuta mikono mitupu.

Chukua daftari uandike kila kinachokuja mara chache kwa mwaka. Kodi 1,800,000. Januari ya watoto wawili, hata kwenye shule ya serikali isiyo na ada, ina sare, viatu, madaftari na mabegi: nimekisia 240,000. Sikukuu 180,000. Safari ya Desemba kwa wazee 300,000. Jumla 2,520,000, gawa kwa 12 upate 210,000. Hiyo ni ya kutenga kila mwezi siku ya mshahara, kabla hujanunua hata kiberiti. Kwa hiyo mshahara wako wa kuishi ni 470,000, na siku zote umekuwa ukiishi kama mwenye 680,000.

Usiitunze kwenye laini unayokopea. Ile huduma inayokufidia salio lisipotosha hujikata yenyewe mara pesa inapoingia, na akiba italiwa ukiangalia. Fungua akaunti ya akiba benki, usichukue kadi, usiiunganishe na simu.

Kwenye 470,000, tuseme nauli 70,000, umeme, maji na gesi 80,000, mama kijijini 50,000. Chakula toa 30,000 kila Jumamosi, sawa na 120,000 kwa mwezi wa Jumamosi nne, ununue vikavu: unga, mchele, maharage, sukari, mafuta, sabuni. Mboga, mkate na maziwa vitoke kwenye hela ya mumeo, na mhesabie 8,000 kwa siku. Usimhesabie 15,000. Akipata zaidi, ziada iingie kwenye kibubu iwafae siku za mvua na za gereji. Hela ya wiki itoe kwa wakala mara moja. Ukitoa 5,000 mara sita unakatwa mara sita.

Hapo zinabaki 150,000, nazo ndizo za madeni. Kwanza itazame riba yako vizuri. Kulipa 10,000 juu ya 50,000 kwa siku 14 kunaonekana kitu kidogo. Lakini mkopo mmoja ukiuzungusha mwaka mzima ni mara 26, yaani riba ya 260,000, na ile 50,000 bado unadaiwa. Wewe unayo mitatu. Hiyo ndiyo kausha damu, hata kama imekuja kwa ujumbe wa simu wenye maneno matamu.

Mwezi wa kwanza wa mpango huu tenga nusu tu, 105,000, na nusu ya pili uiongeze kwenye 150,000. Unapata 255,000: maliza mikopo yote ya simu kwa 180,000, mpe Mangi 45,000, na 30,000 ibaki nyumbani taslimu. Usithubutu kumlipa Mangi zote siku hiyo. Wengi hukosea hapo hapo: wanafuta madeni yote tarehe ya mshahara, mfuko unabaki mweupe, tarehe 10 mtoto anapata homa, wanarudi kwenye simu. Ile 30,000 ndiyo kinga yako. Mwezi wa pili mpe Mangi 45,000 iliyobaki na urudishe 105,000 kwenye akiba ya kodi.

Kwa Mangi nenda mwenyewe ukamwambie mpango huu, usingoje akuulize. Deni lake halina riba, lakini anayekopa kwa daftari haulizi bei wala haendi duka la pili.

Pima mafuta ya kula. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, umiminie ya kupima ya 1,000 mpaka ijae. Ikijaa kwa mara nne, lita moja unainunua 8,000. Linganisha na bei ya dumu la lita tano ukigawa kwa tano. Dumu likiwa nafuu, linunue, ila kila Jumamosi jaza chupa moja ya jikoni na dumu lifungiwe chumbani. Mafuta mengi yakikaa karibu na jiko mkono hufunguka, na unafuu wote unaishia kwenye kikaango. Sukari na biskuti usinunue za jumla kabisa, watoto wataona. Mtungi wa gesi uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito siku unapofungwa. Baada ya mitungi miwili utajua unakaa siku ngapi, na hautakukatikia ugali ukiwa motoni.

Sasa jambo gumu. Kuanzia Septemba hadi Februari, mfuko wa 210,000 unakusanya 1,260,000. Ukitoa Januari ya watoto na safari ya Desemba, inabaki 720,000, na kodi ni 900,000. Pengo ni 180,000, sawasawa na mikopo yako ya leo. Safari ya mwaka huu iacheni. Wapigie wazee simu mapema, mumeo ndiye aseme, wasije wakasikia Desemba yenyewe.

Mchezo usiingie sasa. Siku ya kuchangia ikifika na hela ya mzunguko huna, utakopa ili uilipe. Madeni yakiisha, mwezi wa tatu wa mpango huu, ingia kwa kiwango kidogo na uombe zamu ya Januari. Michango ya harusi nayo iwekee kikomo, 20,000 kwa mwezi. Kadi ya tatu ikija, nenda kaoshe vyombo siku ya shughuli, hilo nalo ni mchango.

Na ukimlipa Mangi ile 45,000 ya mwisho, usiondoke dukani mpaka ameukata ukurasa wako kwa kalamu ukiona.