Swali la lugha: "Data zilikodiwa" ni sawa?

Msomaji mmoja anayesoma masta hapa Dodoma kaniuliza hivi: kahoji wakulima wa zabibu Hombolo na Mpunguzi, kwenye sura ya tatu kaandika "data zilikodiwa kisha zikafanyiwa uchambuzi wa maudhui", msimamizi kazungushia wino mwekundu na pembeni kaandika "huu si uhakiki wa riwaya". Anataka kujua kosa liko wapi, na haya maudhui ndo yale yale ya fani na maudhui ya sekondari?

Haya dada, tuanze na kukodi maana hapo umenichekesha. Kukodi tunakodi bajaji, nyumba, viti vya harusi. Ukiandika data zilikodiwa mtu anaelewa kuna mahali ulilipia ukapewa, na ukimaliza utazirudisha. Najua mmelitoa kwenye "code" ya Kiingereza, wenzako wanaongea hivyo kwenye korido na mnaelewana, sina ugomvi, ila kwenye tasnifu andika "ziliwekewa misimbo", msimbo ukiwa ni lebo fupi unayokibandika kipande cha maneno kuonyesha kinahusu nini. Na "zikafanyiwa uchambuzi" ya nini wakati "zikachambuliwa" ipo?

Maudhui sasa. Neno ni hilo hilo, kazi ndo imebadilika: kwenye utafiti, uchambuzi wa maudhui (content analysis) ni kuyapanga waliyosema watu katika makundi uone wanazungumzia nini. Sekondari tulifundishwa kutafuta dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, yani kuna mtu katunga kwa makusudi na wewe unamfukuzia alitaka kusema nini. Mkulima wa Hombolo hajakutungia riwaya bwana, amejibu maswali yako juani huku akiwaza dawa ya ukungu, kwa hiyo ukianza kuandika "falsafa ya mhojiwa" lazima msimamizi ashtuke.

Tuseme kasema: "Mnunuzi alichelewa, zabibu zikaanza kuozea shambani, zilizobaki nikauza bei ya kutupa." Hapo unapata misimbo mitatu: kuchelewa kwa mnunuzi, hasara baada ya mavuno, kuuza kwa hasara. Ukikutana na wengine wanaosema yanayofanana na hayo unayaweka pamoja, kundi unaliita labda "soko lisilo na uhakika", na unaandika kanuni yako, kipi kinaingia humo na kipi hakiingii, ili mwingine akishika maandishi yale yale aone ulipitia wapi. Philipp Mayring, Mjerumani ambaye jina lake limeshikamana na mbinu hii tangu miaka ya 1980, hilo la kanuni ndo analolikazania.

Halafu hujasema misimbo umeitoa wapi. Watafiti Hsieh na Shannon mwaka 2005 walitenganisha njia tatu za uchambuzi huu: misimbo inayotoka kwenye data zenyewe, misimbo unayokuja nayo kutoka kwenye nadharia, na ile ya kuanza kwa kuhesabu maneno kisha ukatafuta yametumikaje. Yako naona ni ya kwanza, iseme. Na kama wazee walikujibu kwa Kigogo, sema pia ulitafsiri kabla ya kuweka misimbo au baada, maana tafsiri inaweza kumeza maana nusu nzima na hakuna atakayejua.

Mimi ningeandika hivi: "Mahojiano yalinakiliwa neno kwa neno, yakagawanywa katika vipande vya maana, kila kipande kikawekewa msimbo, kisha misimbo inayofanana ikaunganishwa kuwa makundi." Umeona vitenzi vinavyofuatana, msomaji anaona mkono wako ukifanya kazi.

Kuhusu "data hii" au "data hizi", zote utazikuta, mimi niko na "hizi", chagua moja tu usiruke ruke.