Barua Imerudi, Usimfute Mtu

*Nasimamia orodha ya barua pepe ya wafuga nyuki wa Sikonge na Urambo. Kila nikituma bei za asali, barua kadhaa zinarudi. Niwafute hao? (Katibu, Tabora)*

Usifute kwanza, dada. Fungua barua mojawapo iliyorudi, ushuke mpaka kwenye tarakimu tatu. Ukikuta 550 5.1.1, anwani hiyo haipo. Mara nyingi ni herufi iliyokosewa siku ya kujiandikisha, kwa hiyo mpigie simu mwenyewe. Ikianza na 4, tatizo ni la muda. 452 4.2.2, kwa mfano, ni kikasha kilichojaa: zile GB 15 za bure za Gmail zinabeba pia picha anazohifadhi kwenye akaunti hiyo, basi video za mizinga zikijaa, barua hazina pa kukaa. Afute video, abaki kwenye orodha. Ukiona 5.7 baada ya 550, anwani ni nzima. Kilichokataliwa ni barua, kwa sababu za usalama. Mfugaji asiyejua bei huuza kwa anayokutana nayo njiani, ndiyo maana nakusihi usome kabla ya kufuta.

*Mwenzetu wa Yahoo akiandika, wengi hawapati. Sisi tukiandika, zinafika. (Ujiji)*

Hana kosa, msimlaumu. Tangu Aprili 2014 Yahoo imeziagiza seva nyingine (kompyuta zinazopokea na kupeleka barua pepe) zikatae barua yenye anwani yake isiyothibitika kuwa imetoka kwake. Utaratibu huo unaitwa DMARC. Orodha yenu hupokea barua yake, huongeza jina la kikundi kwenye kichwa cha habari, kisha huituma upya kutoka seva yenu. Muhuri wa Yahoo, ule unaothibitisha kuwa barua imetoka kwake, unavunjika, na huko iendako anaonekana mtu aliyejifanya yeye. Kama mnatumia Mailman, programu ya kuendesha orodha za barua pepe, nenda kwenye mipangilio ya DMARC uchague barua zitoke kwa anwani ya orodha. Jina lake bado litaonekana.

*Natuma kwa Gmail, lakini nakala yangu hainirudii. Imepotea? (Kasulu)*

Imefika. Gmail haikuletei tena barua uliyoituma mwenyewe. Itazame kwenye zilizotumwa. Tafadhali usiirudie, wenzako wataipata mara mbili.

*Shikamoo. Kuna mzee nimemwondoa, bado anapokea na amekasirika. (Kibondo)*

Marahaba, mwanangu. Ana haki ya kukasirika. Huenda alijiandikisha kwa anwani ya zamani inayopeleka barua kwenye hii mpya, nawe umeondoa mpya ambayo haikuwamo. Mwombe akutumie vichwa kamili (headers) vya barua mojawapo, yaani maelezo ya njia iliyopitia, utafute humo anwani iliyopokea mwanzo. Kisha weka kiungo cha kujitoa kwenye kila barua. Tangu mwaka 2024 Gmail na Yahoo zinawadai watumaji wakubwa njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, na hata orodha ya watu arobaini inaihitaji: asiyeona mlango wa kutokea hubonyeza kitufe cha barua taka, na malalamiko hayo yakizidi, barua zenu zitaanza kuangukia huko hata kwa wanaozisubiri.