Gari la Umeme la Mtumba: Uliza Betri, Acha Kuuliza Kilomita

Ujumbe mwingi wa mwezi huu unahusu Nissan Leaf, gari la umeme la mtumba tunalolijua zaidi huku kwetu. Nimechagua maswali haya kwa sababu ndiyo yanayowala watu pesa.

Nimeona Leaf ya 2014 kwenye yadi hapa Mombasa. Imetembea kilomita 48,000 tu. Ninunue? (Msomaji, Kisauni)

Ndugu yangu, hukuniambia lolote kuhusu betri. Kila wiki naandikiwa hivi: mwaka, rangi, kilomita, bei, na betri haitajwi. Kilomita ni kipimo cha injini ya petroli. Betri ya lithiamu huchakaa hata gari likiwa limelala, na huchakaa zaidi likilala juani limejaa chaji. Leaf iliyotembea kidogo inaweza kuwa imechoka kuliko mwenzake aliyepiga kilomita laki moja.

Kwenye dashibodi, ukingoni mwa kipimo cha chaji, kuna baa 12 ndogo. Hizo ndizo afya ya betri. Baa ya kwanza huondoka betri ikishapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na kila inayofuata ni asilimia 6 hivi. Gari la baa 8 limebakiwa na theluthi mbili tu.

Lakini baa zenyewe usiziamini bila kupima. Leaf yangu ya kwanza niliuziwa na yadi moja ikiwa na baa zote 12. Wiki ya tano ikadondoka moja, kisha nyingine, hadi zikakoma kwenye 9. Kumbukumbu ya kompyuta ya betri ilikuwa imefutwa. Ikifutwa, kompyuta huanza upya ikiamini betri ni mpya, mpaka ijifunze ukweli kwa kuchaji na kutembea. Niliporudi kulalamika nikaambiwa gari likishatoka getini ni la mnunuzi. Hasara ile bado inaniuma, ndiyo maana naandika haya kila mara bila kuchoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua kifaa cha OBD cha bluetooth, kile kinachosoma kompyuta ya gari, pakua programu ya LeafSpy kwenye simu, chomeka kifaa chini ya usukani usome SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia. Leaf ya 2014 ikikuonyesha 99, usifurahi, ondoka. Tazama pia mistari ya seli: ziko jozi 96, na mmoja ukiwa mfupi kuliko wenzake wote, hapo pana seli inayokufa. Kisha omba gari lijazwe, liendeshe hadi Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, na kurudi kwa mwendo wa kawaida. Betri ya uniti 24 za umeme (kWh) yenye afya itateremka kwa robo au zaidi kidogo. Ikiteremka asilimia 40, umeshapata jibu, hata muuzaji akikuapia. Na muuzaji asiyetaka upime, mshukuru uende zako.

Naweza kuagiza Leaf ya 2013 moja kwa moja kutoka Japani? (Msomaji, Nakuru)

Kenya, hapana. Sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 inaikataa. Tanzania haikatazi gari kuukuu, ila italipia ushuru wa uchakavu, na kwa betri ya umri huo sioni kwa nini mtu aulipe.

Tangazo la Japani linasema Leaf ya 2018 inakwenda kilomita 400 kwa chaji moja. Itanipeleka Dar hadi Morogoro na kunirudisha? (Msomaji, Kinondoni)

Haitakurudisha. Hiyo 400 imetoka kwenye JC08, kipimo cha zamani cha Japani kinachofanywa kwa mwendo wa upole mno. Gari hilohilo la uniti 40, Wamarekani walilipima wakapata maili 151, yaani kilomita 243, nalo likiwa jipya. Lako ni la mtumba. Toa uchakavu, toa kiyoyozi, toa mwendo wa barabara kuu. Morogoro utafika, tena kwa mahesabu, na kurudi ni mpaka uchaji.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Leaf ina tundu la CHAdeMO kwa chaji ya kasi, wakati vituo vingi vipya hufungwa plagi ya aina nyingine, CCS2, na hizo mbili haziingiliani. Piga simu kituoni kabla ya kuanza safari, uliza aina ya plagi kwa jina lake. Pili, betri ya Leaf haina maji ya kuipoza. Ukitoka barabara kuu imepata joto, ukaipiga chaji ya kasi, ukaondoka tena, joto linapanda juu ya joto, na chaji ya pili itakuwa ya kusuasua kwa sababu gari linajilinda.

Joto si jambo dogo kwetu. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, jimbo la jangwa huko Marekani, walipiga kelele kwamba baa zinapotea gari likiwa na mwaka mmoja au miwili. Mwaka uliofuata Nissan ikaweka dhamana ya baa 9 kwa miaka 5. Mtumba wako hauna dhamana hiyo. Ukikaa Dar, Tanga au Mombasa, egesha kivulini, weka taima ili chaji imalizike alfajiri, na usiliache gari limejaa likipigwa na jua mchana kutwa. Kwa mizunguko ya mjini asilimia 80 inakutosha.

Nikichaji mvua inanyesha, nitapigwa shoti? (Msomaji, Kisumu)

Plagi ya gari imetengenezwa kuvumilia mvua. Soketi yako ya ukutani ndiyo ya kuogopwa.

Nachaji kwa ekstensheni kutoka sebuleni. Plagi inapata moto kidogo. Ni kawaida? (Msomaji, Likoni)

Si kawaida, mama. Tafadhali chomoa leo.

Kebo inayokuja na gari kutoka Japani ni ya volti 200 na plagi yake si ya kwetu. Mafundi huikata wakafunga plagi ya pini tatu ya ampea 13. Kebo ile huvuta hadi ampea 15, si kwa dakika tano kama birika, bali saa saba, saa nane mfululizo, usiku, nyinyi mmelala. Ekstensheni iliyokunjwa ndiyo mbaya zaidi kwa sababu joto halina pa kutokea. Mwite fundi wa stima mwenye leseni akuvutie waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye boksi la umeme, wenye breka yake peke yake na RCD, yaani swichi inayokata umeme ukivuja, akufungie soketi ya bluu ya viwandani, apime na athi. Kama huna pesa za kazi hiyo sasa, gari lisubiri.

Umeme wa gari utanigharimu kiasi gani? Natumia uniti 60 kwa mwezi. (Msomaji, Tanga)

Hesabu uniti 18 ukutani kwa kila kilomita 100, pamoja na zinazopotea njiani. Lakini wewe uko D1, daraja la TANESCO la watumiaji wadogo, ile ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ukiwa unavuka uniti 75 kila mwezi unahamishiwa T1, daraja la kawaida, kwa shilingi 356 hivi pamoja na kodi. Kilomita 100 ni kama shilingi 6,400, bado ni nafuu kuliko petroli. Ila taa, friji na pasi navyo vitapanda bei hiyohiyo. Weka hilo kwenye hesabu.

Naishi ghorofani Nairobi, naegesha barabarani. Nitategemea chaja za madukani. (Msomaji, Umoja)

Usinunue. Gari la umeme linataka pa kulala penye soketi.

Leaf yangu imezima kabisa, haiwaki hata taa. Fundi anasema betri kubwa imekufa, anataka kuifungua. (Msomaji, Changamwe)

Mzuie. Leaf ina betri nyingine ndogo ya volti 12, ya asidi, kama ya gari lolote. Ikiisha nguvu, kompyuta haziamki na gari haliwaki hata betri kubwa ikiwa imejaa. Ipime kwanza hiyo. Mara nyingi ndiyo mkosaji, na dukani ni betri ya kawaida.

Betri kubwa ina volti zinazokaribia 400 za mkondo mnyoofu (DC), na nyaya zake zote ni za rangi ya machungwa. Nyaya hizo haziguswi na mtu ambaye hajafunzwa. Mwulize fundi wako maswali matatu: plagi ya usalama ya kukata betri iko wapi, baada ya kuichomoa anasubiri muda gani, na glavu zake ni za volti ngapi. Plagi iko sakafuni ndani ya gari. Kusubiri ni dakika 10 au zaidi. Glavu ziwe za volti 1,000, zisizo na tundu. Akikosea hata moja, mwambie aliache gari lilivyo, naye arudi nyumbani kwake salama.