Jibu: Orodha ya mzee wa kijiji inatosha kuchagua kaya 30 za kuhoji kwenye utafiti?

Haitoshi, ndugu. Orodha hizo mara nyingi hufuata majina ya wanaume wenye boma, basi wajane na wapangaji wa pale sokoni huachwa nje. Kabla hujatoka Nairobi chukua kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha ujitambulishe kwa chifu. Ukifika, pita boma kwa boma uhesabu vyungu, si mapaa: mume mmoja mwenye wake wawili wanaopika mbalimbali ni kaya mbili. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Ukipata kaya 180, gawa kwa 30, upate 6. Piga kura namba ya kuanzia kati ya 1 na 6, halafu kuanzia hapo chukua kila kaya ya sita. Siku ya soko usihoji. Utakuta watoto na mbwa tu nyumbani.