Maji ya Kibo yanachemka lakini hayaivishi

Wadogo zangu mnaoanza kupika mlimani Kilimanjaro, hili mimi sikuambiwa na mtu, nimelijua kwa kuaibika. Safari yangu ya pili nilipandisha maharage makavu mpaka kambi ya Horombo, nikabandika saa saba mchana, maji yanatokota vizuri tu, mapovu kibao, saa mbili usiku maharage bado yanagonga meno kama kokoto, wagumu, yaani wapagazi wetu, wana njaa na mtungi wa gesi umeshakuwa mwepesi. Na mi naongeza moto eti yaive haraka, kumbe ndo ujinga wenyewe.

Iko hivi, huku juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama kule chini, kwaiyo yanawahi kuchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Dar yanachemka nyuzi 100, Moshi mjini kama 97, Horombo mita 3,720 ni kama 88, kambi ya Kibo mita 4,700 na kitu yanachemkia kwenye 84 hivi. Hesabu ya haraka haraka, kila mita 300 unazopanda toa nyuzi moja. Yakishachemka yamefika hapo, ongeza moto uwezavyo, unamaliza gesi na kukausha maji tu.

Maharage loweka usiku kucha, afu pika kwa presha kuka, ni zito kulibeba ila linafungia mvuke ndani na joto linapita 100 hata ukiwa Kibo. Huna? Basi achana na maharage, pandisha dengu zilizopasuliwa. Viazi kata vidogo. Ugali unaiva ila uji wake uache utokote kwanza, usikimbilie kusonga. Kukaanga hakuna shida, mafuta yanapata moto uleule, ndo maana chapati na mayai ya kukaanga vinatuokoa sana huko juu. Chai nayo chemshia majani kwenye sufuria, ukimpa mgeni kikombe cha maji na kipakti cha majani atakunywa maji ya rangi.

Maji ya kunywa yakianza kutokota yaache dakika 3, hizo nyuzi 84 zinaua wadudu, usiogope.

Na funika sufuria jamani! Kibo hakuna maji, yanabebwa kutoka chini, sasa ukiyaacha yaishe kwa mvuke kuna mgumu atarudishwa kuyafuata, na njia nzima atakuwa anakutaja wewe.