Tushinde vipi na familia ya Kambodia?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tunakwenda Kambodia kuona mahekalu ya Angkor. Familia moja ya kijijini, karibu na Siem Reap, imetualika tushinde nao. Tubebe nini, na tukae vipi tusiwakwaze? – Mama wa wawili, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nami nilishinda na familia ya huko. Nyumba nyingi za vijijini zimeinuliwa juu ya nguzo, hivyo vueni viatu kabla ya kuingia. Wanasalimia kwa kukutanisha viganja na kuinamisha kichwa. Kwa mzee, viganja hupanda juu zaidi. Mkiketi mkekani, kunjeni miguu kando, nyayo zisimwelekee mtu.

Na mtoto usimshike kichwa! Sisi huku tunaona ni baraka. Mimi nilinyoosha mkono, bibi wa nyumba akaudaka taratibu, nikaona haya mpaka nikaomba radhi kwa ishara. Alinipakulia wali.

Mtakutana na prahok, samaki waliochachushwa. Harufu yake inazidi ya dagaa wa Mbuyuni, lakini onjeni, ni tamu kwelikweli.

Zawadi? Kahawa yetu ya mlimani, na khanga. Wao wana krama, kitambaa cha kujifunga kichwani, kiunoni, hata kubebea mtoto, kwa hiyo khanga haihitaji mkalimani.

Angkor Wat, aliyoanza kuijenga mfalme Suryavarman II katika karne ya 12, itengeeni siku yake. Funikeni mabega na magoti, mfike kabla jua halijachomoza.